Phanes: muumba wa Wagiriki aliyetoka ndani ya yai, kisha akamezwa na Zeus

Kalamu Nzito (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ukifunguliwa uzi wa miungu ya Wagiriki, mjadala hukimbilia kwa Zeus, radi zake na wanawake zake. Akitokea mtu kuuliza ni nani aliyeumba dunia kwa imani yao, hujibiwa kwamba hawakuwa na muumba, vitu vilijitokea tu. Jibu hilo linatoka kwa Hesiod, mshairi wa karibu mwaka 700 KK. Kwake kwanza ilitokea Chaos, ule mwanya mtupu, kisha Gaia yaani Ardhi, Tartaros huko chini kabisa, na Eros. Hakuna aliyewaumba. Wanazaana, wanapinduana, na Zeus anachukua utawala baadaye.

Kulikuwa na Wagiriki wengine waliosimulia mwanzo tofauti, na kwao muumba yupo. Anaitwa Phanes, na jina lake jingine ni Protogonos, Mzaliwa wa Kwanza. Mashairi yanayomhusu yalipewa jina la Orpheus, yule mwimbaji wa Thrace ambaye wanyama waliacha malisho kumsikiliza. Huyu Phanes amesahaulika mno, na kwa maoni yangu hadithi yake ina fikra nzito kuliko yote aliyoandika Hesiod. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Toleo kubwa la mashairi hayo lilikuwa na sehemu 24, na leo tunalo vipande vipande tu, vilivyonukuliwa ndani ya maandishi ya watu wengine. Humo wa kwanza ni Chronos, Wakati usiozeeka (msimchanganye na Kronos, baba yake Zeus). Toleo jingine, lililohifadhiwa na mwanafalsafa Damascius, linamwonyesha Wakati akiwa joka lenye mbawa, lenye kichwa cha fahali na kichwa cha simba, na katikati yao uso wa mungu. Yuko pamoja na Ananke, Ulazima, asiye na mwili, ambaye mikono yake imenyooka mpaka kugusa kingo za ulimwengu. Wakati anazaa Aither, anga angavu ya juu, na shimo kubwa lisilo na mwisho. Kisha ndani ya ile Aither anatengeneza yai linalong'aa kama fedha.

Yai likapasuka, akatoka Phanes. Ana mbawa za dhahabu, macho manne ya kutazama kila upande, na vichwa vya wanyama: kondoo dume, fahali, simba, nyoka. Ni huntha, mwanamume na mwanamke katika mwili mmoja, kwa hiyo anabeba mbegu ya miungu wote bila kuhitaji mwenzi. Shairi linasema hakuna aliyemwona kwa macho isipokuwa Usiku peke yake. Wengine wote waliona mwanga wasioutarajia ukimulika angani, wakabaki wanashangaa.

Huyo Usiku, Nyx, ni binti yake. Wanakaa pangoni: Phanes ndani kabisa, Nyx katikati akiwatabiria miungu, na mlangoni Adrasteia akipiga matoazi ya shaba na kutangaza sheria. Huko ndiko Phanes anakopanga dunia. Anawapa miungu makao yao, anawawekea watu nchi yao ya kuishi, analiweka jua liwe mlinzi wa vyote. Halafu anaumba Mwezi, na hapa mshairi amenishangaza kila ninaposoma: Mwezi ni ardhi nyingine, yenye milima mingi, miji mingi na nyumba nyingi. Mstari huo tumeupata kwa Proclus, aliyefundisha falsafa Athens katika karne ya 5 BK.

Baada ya kuumba, Phanes anampa Nyx fimbo ya enzi. Nyx anampa Ouranos, yaani Mbingu. Mpaka hapo madaraka yanakabidhiwa kwa hiari, hakuna damu. Kronos ndiye wa kwanza kupora, akimpindua baba yake Ouranos, na Zeus anampindua Kronos. Mtawala wa sita ni Dionysos, mwana wa Zeus.

Sasa njoo kwenye kiini. Zeus amekalia kiti, lakini amekikuta kila kitu kimeshaumbwa. Bahari ipo, nyota zipo, miungu wapo. Yeye ni mtawala wa tano wa dunia iliyotengenezwa na mwingine. Anaenda pangoni kwa Nyx na kumuuliza swali ambalo halikai kinywani mwa Zeus wa Hesiod hata kidogo: vitu vyote vitakuwaje kitu kimoja kwangu, na bado kila kimoja kisimame peke yake?

Nyx anamjibu azungushe Aither kuzunguka vyote, ndani yake aweke mbingu, ndani ya mbingu ardhi, bahari na makundi ya nyota, kisha avifunge kwa mnyororo wa dhahabu unaoning'inia kutoka juu. Na Zeus anammeza Phanes.

Anammeza mzimamzima. Pamoja na Phanes vinaingia tumboni mwa Zeus anga, mbingu, bahari, ardhi, Tartaros, mito, miungu wote wa kike na wa kiume, vilivyokwisha kuwapo na vitakavyokuja. Kwa kitambo ulimwengu wote hauna mahali pengine pa kuwa ila ndani yake. Halafu anavitoa tena kwenye nuru, upya, kutoka moyoni mwake.

Kwa hiyo dunia tunayoishi, kwa mashairi haya, ni uumbaji wa pili. Wa kwanza ulikuwa wa Phanes. Mtawala aliyezaliwa kwa kuchelewa amegeuka kuwa chanzo cha waliomtangulia, pamoja na chanzo chao wenyewe.

Kumbukeni pia kwamba Hesiod naye ana mamezo mawili. Kronos anawameza watoto wake ili wasimpindue, na Zeus anammeza mkewe Metis, mungu wa hekima, ili asije kuzaliwa mwana atakayemshinda. Woga mtupu. Sasa angalieni alichofanya mshairi wa upande huu: kati ya majina ya Phanes, moja ni Metis. Amelichukua tendo la zamani la mfalme mwenye hofu, akalifanya njia ya kuumba. Huyo alikuwa anafikiri, wakuu.

Karibuni.

---

Mzee wa Hoja

Mkuu, uzi umeshiba. Ila nina shaka moja na ni kubwa. Hao mashahidi wako, Proclus wa karne ya 5 BK, Damascius ambaye chuo alichokiongoza Athens kilifungwa mwaka 529 BK enzi za Kaisari Justinian. Hapo Ukristo umeshashika dola. Wanafalsafa hawa walikuwa wanapambana kuokoa dini ya zamani. Nini kinakuzuia kuamini kwamba walimtunga huyo muumba, wakambandika jina la Orpheus ili aonekane wa kale? Nataka kitu cha KK.

---

Kalamu Nzito

Mzee wa Hoja, swali lako ndilo wanazuoni waliloulizana kwa miaka mingi. Ninavyo viwili.

Cha kwanza ni mchezo wa kuchekesha wa Aristophanes unaoitwa Ndege, uliochezwa Athens mwaka 414 KK. Ndege wanataka kuthibitisha kwamba wao ni wa zamani kuliko miungu, basi wanasimulia mwanzo wa dunia. Usiku mwenye mbawa nyeusi anataga yai bila jogoo, kifuani mwa Erebos, yaani Giza. Majira yakizunguka anatoka Eros, mgongo wake ukimetameta kwa mbawa za dhahabu. Yai lipo, mbawa za dhahabu zipo, mzaliwa wa kwanza yupo. Utani wa namna hiyo hauchekeshi kama watazamaji hawajawahi kusikia habari ya yai. Nakubali jina Phanes halimo. Lakini Eros ni jina lake jingine katika yale mashairi ya sehemu 24.

Cha pili ndicho kilichobadilisha mjadala. Januari 1962 barabara ilikuwa inajengwa karibu na Thessaloniki, mahali paitwapo Derveni, yakakutwa makaburi ya kale. Juu ya mawe yaliyofunika kaburi mojawapo, kwenye majivu ya moto uliochoma maiti, kulikuwa na gombo la mafunjo lililoungua likawa jeusi kama mkaa. Kuungua ndiko kulikoliokoa. Katika udongo wa Ugiriki, wenye unyevu, mafunjo yasiyoungua huoza, hayadumu kama ya Misri. Nusu ya chini ya gombo iliteketea, ya juu ikabaki. Mtaalamu kutoka Vienna akaletwa kulifungua tabaka kwa tabaka, vikapatikana vipande zaidi ya 200, wakapanga safu 26 za maandishi.

Gombo lenyewe ni la karne ya 4 KK, na yaliyomo yalitungwa mapema zaidi. Mwandishi wake ambaye hatumjui jina anafafanua shairi la Orpheus mstari kwa mstari. Na katika safu ya 16 ananukuu kwamba juu ya mfalme Mzaliwa wa Kwanza waliota miungu wote wenye heri, wa kike na wa kiume, mito, chemchemi nzuri na vyote vilivyokuwa vimezaliwa, naye akabaki peke yake.

Tumbo la Zeus lilelile, wakuu, miaka 800 kabla ya Proclus.

---

Mzee wa Hoja

Hapo umenigusa. Lakini nimewahi kusoma kwamba hilo gombo lina mgogoro wa tafsiri, kwamba alichomeza Zeus hakikuwa mungu.

---

Kalamu Nzito

Upo sahihi, mgogoro upo na ni mkali. Katika safu ya 13 neno linalotaja kilichomezwa linasomeka kwa namna mbili: "mwenye kuheshimiwa", au kiungo cha uzazi. Wanaoshika maana ya pili wanasema Zeus alimeza uume wa Ouranos uliokatwa na Kronos, na kwamba Mzaliwa wa Kwanza wa safu ya 16 ni Ouranos mwenyewe, mfalme wa kwanza. Kwa usomaji huo Phanes na yai lake havimo Derveni.

Mimi nasimama na wanaosema ni Phanes, kwa sababu ule mstari wa safu ya 13 unamtaja aliyeruka kwanza kuingia kwenye Aither, na kuruka kwenye Aither ndiyo kazi ya aliyetoka ndani ya yai. Hata hivyo, chukua usomaji wowote, lile wazo kubwa linabaki palepale: Zeus anaingiza chanzo cha uhai tumboni, vyote vinaota ndani yake, anabaki peke yake, anaviumba upya. Hilo ni la kale, na halikutungwa na kina Proclus.

Ngoja niongeze jambo moja kuhusu yule mwandishi wa Derveni, maana nampenda. Katika safu ya 20 anawaonea huruma watu wanaolipa pesa kwa waganga wa ibada za siri, wanashuhudia matambiko, kisha wanaondoka hawajaelewa kitu na hata tumaini walilokuja nalo limewatoka. Plato naye anawataja makuhani hao wakigonga milango ya matajiri na rundo la vitabu vya Orpheus mkononi. Kwa hiyo mashairi haya yalikuwa mtaani, yakifanyiwa biashara, na palikuwa na mtu mmoja aliyekasirika kwamba yanachezwa bila kueleweka.

---

Binti Ukerewe

Kaka Kalamu, asante sana. Naishi Bologna, na kutoka hapa mpaka Modena ni mwendo mfupi tu wa treni. Kwenye makumbusho ya Galleria Estense kuna jiwe la marumaru la karne ya 2 BK ambalo nimesimama mbele yake muda mrefu, sikujua kwa kina ni nani. Baada ya kusoma uzi wako naona kila kitu.

Ni kijana aliye uchi, mzuri wa uso. Amesimama juu ya nusu ya yai iliyogeuzwa, na nusu nyingine iko juu ya kichwa chake, zote zinawaka moto. Miguu yake inaishia kwenye kwato. Ana mbawa, na nyuma ya mabega zinachomoza pembe za mwezi mwandamo. Kifuani ana kichwa cha simba, ubavuni kondoo dume na mbuzi. Mkono mmoja una radi, mwingine umeshika fimbo ndefu. Joka limemzunguka mwili mzima kwa mikunjo mpaka kichwa chake kikalala juu ya lile ganda la yai. Kumzunguka yeye kuna duara la buruji 12, na kwenye kona nne za jiwe kuna nyuso nne za pepo zikipuliza.

Radi si ni ya Zeus? Kwa nini anayo Phanes?

---

Kalamu Nzito

Dada, umetuletea makumbusho mpaka hapa. Radi ni ya Zeus kweli, na nadhani mchongaji alijua anachofanya. Ukishasema Zeus amemmeza Phanes na kuwa kitu kimoja naye, huwezi tena kumchora mmoja bila alama za mwingine.

Na jiwe hilo lilipitia kwa wafuasi wa Mithras, ile dini ya siri iliyopendwa na askari wa Kirumi. Kuna maandishi Roma yanayowaunganisha wote kwa pumzi moja: kwa Zeus Helios Mithras Phanes. Hata kaskazini mwa Uingereza, kwenye ngome ya Housesteads katika ukuta wa Hadrian, kulichimbuliwa mwaka 1822 sanamu ya Mithras akitoka ndani ya yai, kazungukwa na buruji. Mzaliwa wa yai amesafiri mbali.

---

Mvuvi wa Fikra

Mkuu, mimi nasoma nikiwa na Biblia pembeni. Giza, halafu mwanga unatokea, halafu uumbaji. Je, hatuwezi kusema Wagiriki hawa walikuwa wameshamjua Mungu mmoja ila wakampa jina jingine?

---

Kalamu Nzito

Mvuvi, naelewa inakovutia, ila mimi siendi huko. Phanes amezaliwa. Ana aliyemtangulia, Wakati, na yai lililombeba. Anakabidhi madaraka. Anamezwa. Mungu wa kitabu cha Mwanzo hana hata moja kati ya hayo.

Na hoja hii ina umri. Karibu mwaka 177 BK, Mkristo aitwaye Athenagoras aliwaandikia makaisari Marcus Aurelius na Commodus kuwatetea Wakristo waliokuwa wakituhumiwa kuwa hawana Mungu. Akaichukua hadithi hii hii: maji, tope, joka, yai lililopasuka, nusu ya juu ikawa mbingu na ya chini ikawa ardhi, na Phanes. Kisha akauliza, kama miungu yenu ina mwanzo, itaachaje kuwa na mwisho? Mtu aliyekuja kumpinga Phanes ndiye mmoja wa waliotuhifadhia habari zake.

Wa kumlinganisha naye wapo, ila kwingine. Wahindi katika Rigveda wana kijusi cha dhahabu kilichotokea mwanzo wa vyote. Misri, huko Hermopolis, kulikuwa na habari ya yai ambalo jua lilitokamo. Damascius mwenyewe anaripoti yai la Wafoinike. Wanazuoni wengi wanaona yai la Wagiriki limetoka mashariki, na mimi naona wana hoja nzuri. Tendo la kumeza ndilo ninaloliona kuwa la Kigiriki hasa, kwa sababu za Kronos na Metis nilizozitaja mwanzo.

---

Jirani wa Rhapta

Naomba kuchangia kidogo. Kuna mkusanyiko wa tenzi 87 za kumsifu kila mungu kwa jina la Orpheus, inaaminika zilitumika Asia Ndogo karne za mwanzo BK. Utenzi wa 6 ni wa Protogonos. Unamwita mwenye maumbo mawili, aliyezaliwa kwa yai, anayejivunia mbawa za dhahabu, aliyefuta ukungu wa giza machoni na kuupeperusha mwanga mtakatifu duniani kote. Na juu ya karibu kila utenzi kimeandikwa kitu cha kufukiza. Cha Protogonos ni manemane.

Sasa manemane ilitoka wapi? Kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya 1 BK, Periplus, kinazitaja bandari za pwani ya Somalia, mfano Malao na Mosyllon, zikiuza manemane kwa wafanyabiashara waliotoka Misri ya Kirumi. Ni safari ileile iliyoshuka kusini mpaka Rhapta kwenye pwani yetu kuchukua pembe za ndovu. Uarabuni nako walikuwa wanauza. Sidai kwamba kila chetezo cha Phanes kilikuwa na manemane ya Kisomali, ila moshi wake ulitoka upande huu wa bahari, iwe Somalia au Uarabuni.

---

Kalamu Nzito

Jirani, hilo la bandari sikuwa nimeliunganisha. Shukrani kubwa.

---

Sijaelewa Bado

Wakuu na sisi binadamu tunaingia wapi? Tuliumbwa na Phanes au na Zeus?

---

Kalamu Nzito

Swali zuri sana. Kwa mashairi ya sehemu 24 kulikuwa na watu wa aina tatu: wa dhahabu chini ya Phanes, wa fedha chini ya Kronos, na wa tatu waliotokana na viungo vya Titani (miungu wa kizazi cha Kronos), watu ambao Zeus ndiye aliyewafanya. Sisi ni wa tatu.

Titani walimvizia Dionysos akiwa mtoto, wakamlaghai kwa michezo na kioo, wakamkata vipande wakamla. Zeus akawapiga radi wakaungua. Kwamba binadamu tulifanywa kwa masizi ya moshi wao, na kwa hiyo tuna chembe ya Dionysos ndani yetu, anayelisema waziwazi ni Olympiodorus wa karne ya 6 BK. Kwa hiyo Mzee wa Hoja hapo akinibana sina gombo la kumtolea. Kuna mafunjo ya Gurob kutoka Misri, karne ya 3 KK, yanayotaja kioo na vitu vya kuchezea katika ibada, na pia mungu mwenye jina linalofanana sana na Erikepaios, ambalo ni jina jingine la Phanes, akiombwa aokoe. Hayo yanaonyesha ibada ilikuwapo na vitu hivyo vilitumika. Habari ya masizi haimo.

Anayetaka kuanza kusoma mwenyewe aanze na ule wimbo wa Ndege wa Aristophanes, ni mistari michache. Kisha Derveni, ambayo toleo lake kamili lilichapishwa mwaka 2006, na gombo lenyewe liko makumbusho ya Thessaloniki. UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2015. Damascius muache wa mwisho, ni mgumu, na utamwelewa vizuri ukishajua anatetea nini.